Makabaila wa Kigurjar na maskani ya mababu zao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina Gurjar hujitokeza kwenye habari za India kila sanamu inapozinduliwa, uchaguzi unapokaribia au reli inapofungwa na waandamanaji. Hapa tumejibu maswali ambayo wasomaji hutuletea kuhusu familia za kitawala za jamii hiyo, ngome zao na ardhi zao.

Wagurjar ni akina nani?

Ni jamii kubwa inayoishi Rajasthan, Haryana, Delhi na viunga vyake, magharibi mwa Uttar Pradesh, Uttarakhand, Madhya Pradesh, Jammu na Kashmir, na upande wa pili wa mpaka huko Pakistani. Wachache wako Afghanistan. Jina lao huandikwa pia Gujjar au Gujar. Wana mbari nyingi: Nagar, Bhati, Khatana, Kasana, Chechi, Bainsla, Bidhuri na nyinginezo, na mtu haoi ndani ya mbari yake.

Kwa karne nyingi wamejulikana kama wafugaji wa ng'ombe na nyati wa maziwa, na wale wa milimani mbuzi na kondoo. Babur, mwasisi wa dola la Mughal, aliandika kwa uchungu kwamba kila mtu akiingia Hindustan, Wajat na Wagurjar humshukia kutoka vilimani na tambarare kupora ng'ombe na nyati. Ukabaila wao ulichipuka humo humo. Mfugaji mwenye farasi, vijana na silaha, katika nchi ambayo serikali yake imelegea, hakawii kuwa mtoza kodi. Na mtoza kodi aliyejengewa ukuta wa udongo hakawii kuitwa raja.

Ndio hawa Wagujarati wa Mombasa na Dar es Salaam?

Hapana. Wabohora, Makhoja, Wabhatia na akina Patel tuliozoeana nao ni watu wa Gujarat na Kachi. Jimbo la Gujarat lilipewa jina kutokana na Wagurjar wa kale, kama ilivyo miji ya Gujrat na Gujranwala huko Pakistani, lakini mwenye duka anayezungumza Kigujarati si Mgurjar kwa sababu hiyo.

Ni kweli kwamba waliwahi kutawala kaskazini yote ya India?

Kulikuwa na dola ambalo wanahistoria huliita la Gurjara-Pratihara. Lilianza kupata nguvu karne ya 8 chini ya Nagabhata wa Kwanza, likahamia Kannauj kwenye mto Ganga, na likafika kileleni wakati wa Mihira Bhoja, aliyetawala takriban mwaka 836 hadi 885. Sarafu zake zina picha ya nguruwe mwitu, umbile mojawapo la Vishnu, mungu wa Kihindu. Mwaka 1018 Mahmud wa Ghazni aliiteka Kannauj, na dola ambalo tayari lilikuwa limechoka likasambaratika.

Maelezo mazuri zaidi yametoka kwa Waarabu. Kitabu cha safari cha mwaka 851 kinachohusishwa na mfanyabiashara Sulaiman kinamtaja mfalme wa Jurz, yaani Gurjara, kuwa na askari wa farasi kuliko wafalme wengine wa India na kuwa adui mkubwa wa Uislamu, halafu kinakiri kwamba hakuna nchi iliyo salama zaidi dhidi ya wezi. Baadaye al-Masudi alimweleza mfalme wa Kannauj kuwa na majeshi manne, moja kwa kila upande: la kaskazini likimkabili mtawala Mwislamu wa Multan, la kusini likimkabili mfalme wa Dekani, yaani nyanda za juu za kusini mwa India. Huyu al-Masudi ndiye aliyefika pia kwenye pwani yetu, kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wengi hudhani ni Pemba. Alikuwa Khambhat, Gujarat, karibu na mwaka 915, na mwaka uliofuata au hivyo akatoka Qanbalu kwa chombo kurudi Oman. Msafiri mmoja, monsuni zile zile.

Basi makabaila wa karne ya 18 ni wajukuu wa Mihira Bhoja?

Hapa ndipo watu hugombana. Wagurjar wengi wanasema ndiyo. Warajput, jamii nyingine yenye sifa ya utawala na vita, nao wanasema Pratihara walikuwa wao, na kwamba "Gurjara" ilikuwa jina la nchi tu. Mwandishi Mchina Xuanzang, karne ya 7, alitaja kweli nchi ya Gurjara yenye mji mkuu ambao wasomi wengi wanaulinganisha na Bhinmal, Rajasthan. Kwa upande mwingine, maandishi ya mawe ya Rajor, ya mwaka 960 hivi, yanataja Gurjara-Pratihara kama ukoo wa watu. Kila upande una jiwe lake.

Mwezi Septemba 2021 sanamu ya Mihira Bhoja ilizinduliwa Dadri, karibu na Delhi, na ugomvi ukawa juu ya neno moja kwenye kibao: liandikwe "Gurjar" kabla ya jina lake au lisiandikwe. Lilifunikwa, likarudishwa, watu wakaandamana. Kwa maoni yetu, anayetafuta mnyororo usiokatika wa baba hadi mwana kutoka Kannauj hadi kwa raja wa karne ya 18 hataupata, awe Mgurjar au Mrajput. Pengo ni la miaka 700.

Lakini kuamini nasaba kuna nguvu zake. Bateshwar, karibu na Morena, kuna mahekalu takriban 200 ya enzi ya Pratihara yaliyokuwa yameporomoka na kuwa lundo la mawe. Bonde lile la Chambal lilikuwa la majambazi. K. K. Muhammed, mtaalamu wa mambo ya kale wa serikali aliyeongoza ukarabati, amesimulia mara nyingi jinsi alivyomkuta mtu anavuta bidi, sigara ya majani, ndani ya hekalu, akamkemea, kisha akaambiwa kwa kunong'onezwa kwamba huyo ni Nirbhay Gujjar, jambazi aliyeogopwa kuliko wote. Muhammed akamgeukia kwa hoja ya jina: wewe ni Gujjar, na hawa waliojenga ni Gurjara-Pratihara, basi haya ni mahekalu ya babu zako. Kazi ikaruhusiwa kuendelea. Nirbhay aliuawa na polisi mwaka 2005. Siku hizi mahekalu mengi yamesimama tena.

Ni dola gani la Kigurjar lililodumu mpaka uhuru wa India?

Samthar, huko Bundelkhand, kaskazini-mashariki mwa Jhansi. Habari yake inafaa kusimuliwa kwa kirefu kwa kuwa inaonyesha jinsi raja anavyozaliwa.

Mwaka 1733 kulizuka mzozo wa kurithi kiti huko Datia, dola jirani la Warajput wa Bundela. Mgurjar mmoja, Naune Shah, alimsaidia Indrajit kukipata kiti. Shukrani ilikuja kwa mwanawe, Madan Singh, aliyepewa ukuu wa ngome ya Samthar pamoja na cheo cha Rajdhar. Baadaye Devi Singh wa ukoo huo akaongezewa vijiji vitano. Vijiji vitano si ufalme. Ila Wamaratha, wapiganaji kutoka Dekani, walipoingia na Datia ikalegea, Ranjit Singh akajitangaza huru, na Wamaratha wenyewe wakamtambua kuwa raja. Waingereza walipokuja aliwahi kuomba urafiki, akapata mkataba mwaka 1817. Yaani ukoo ulipanda kutoka ulinzi wa ngome ya mtu mwingine hadi ufalme kwa kuchagua upande kwa wakati, mara tatu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Samthar ilikuwa na takriban kilomita za mraba 460 na watu wapatao 33,000. Mtawala wake alipigiwa mizinga 11 ya heshima. Waingereza walipanga madaraja ya maraja kwa idadi ya mizinga, na familia zilihesabu milio hiyo kwa makini sana. Raja wa mwisho alikuwa Radha Charan Singh. Mwaka 1948 dola liliingizwa Vindhya Pradesh, kisha eneo lake likahamishiwa Uttar Pradesh. Ngome bado ipo katikati ya mji.

Na Landhaura, Parikshitgarh na Dadri?

Hizi hazikuwa dola kamili. Zilikuwa himaya za kodi katika tambarare kati ya Ganga na Yamuna, eneo liitwalo Doab, na kwa ukubwa baadhi ziliizidi Samthar. Mwishoni mwa karne ya 18 Wamughal walikuwa wamechoka, Warohilla (wapiganaji wenye asili ya Afghanistan), Masingasinga na Wamaratha wanapita wakipora, na aliyeweza kulinda vijiji ndiye aliyekusanya kodi. Raja Ramdayal Singh wa Landhaura, karibu na Roorkee, alishika mamia ya vijiji. Nain Singh, wa mbari ya Nagar, alifanya vivyo hivyo upande wa Meerut akiwa na makao Parikshitgarh. Rao Dargahi Singh alishika Dadri.

Waingereza walipoingia Doab mwaka 1803 hawakuwa na nguvu ya kuwang'oa, wakawapa mukarari: mkataba wa kulipa kodi isiyopanda kwa muda wa uhai wa mwenyewe. Kabaila alifurahi. Ila maneno "muda wa uhai" ndiyo yaliyokuwa mtego. Ramdayal alipofariki mwaka 1813 na Nain Singh mwaka 1818, makarani walifungua madaftari, wakafanya makubaliano mapya moja kwa moja na wakubwa wa kila kijiji, na warithi wakabaki na sehemu ndogo ya alichokuwa nacho baba. Hakuna mzinga uliolia. Ukisoma historia ya familia hizi kwenye kurasa za sifa utaona vita tu, lakini kilichozipunguza hasa ni wino.

Waliishi kwenye majumba ya namna gani?

Ukiwa na picha ya majumba ya marumaru ya Jaipur au Udaipur, ifute. Makao ya kawaida ya kabaila wa Doab yaliitwa garhi: ngome ya kijiji, kuta nene za udongo, minara pembeni, handaki la nje, na ndani yake nyumba ya matofali yenye ua. Udongo ulikuwa na faida yake, kwani tufe la mzinga huzama ndani badala ya kupasua. Ubaya wake ni kwamba paa likiachwa misimu michache ya mvua, garhi hurudi kuwa kilima. Ndiyo maana vijiji vingi vina "mahali pa garhi" na hakuna garhi yenyewe.

Ngome ya Parikshitgarh ni mfano mzuri. Wenyeji huihusisha na Parikshit, mjukuu wa Arjuna, shujaa wa Mahabharata, utenzi wa kale wa India. Nain Singh aliikarabati karne ya 18. Baada ya uasi mkubwa wa mwaka 1857 dhidi ya Waingereza ilibomolewa, na kilichobaki kikafanywa kituo cha polisi. Landhaura ilipata jumba la kifalme zaidi, na linaonekana hadi leo.

Kunja kulitokea nini mwaka 1824?

Kunja, karibu na Roorkee, ilikuwa ya Vijay Singh, jamaa wa ukoo wa Landhaura. Vijiji vilikuwa vimegawanywa upya, kodi imepanda, na watu wenye hasira walimkusanyikia. Mwenzake, Kalyan Singh, aliyeitwa Kalua, alijipa cheo cha raja. Waliteka msafara wa fedha za serikali na kutangaza kwamba utawala wa Waingereza umekwisha.

Tarehe 3 Oktoba 1824 kikosi cha Wagurkha kutoka Dehradun, kikiongozwa na Kapteni Frederick Young na ofisa wa kiraia Frederick John Shore, kiliizingira garhi. Hawakuwa na mizinga. Wakakata mti, wakaubeba kwa kamba, wakaugonga mlangoni hadi ukavunjika. Vijay Singh na Kalyan Singh waliuawa pamoja na wafuasi wengi. Wapo wanaoliita tukio hili vita vya kwanza vya uhuru, miaka 33 kabla ya 1857. Jina hilo tunaliona kubwa mno kwa tukio lenyewe, ila si la kupuuzwa: yalikuwa matokeo ya wazi ya yale madaftari ya kodi.

Mwaka 1857 makabaila hawa walikuwa upande gani?

Inategemea nani alikuwa na nini cha kupoteza. Samthar ilikuwa na mkataba, ikabaki na Waingereza. Waliopokonywa ndio walioinuka.

Meerut, tarehe 10 Mei, askari Wahindi wa jeshi la Waingereza walipoasi, kotwal, yaani mkuu wa polisi wa mji, Dhan Singh wa kijiji cha Panchli, anakumbukwa kwa kuwafungulia njia wanavijiji walioingia mjini na kuvunja gereza. Kadam Singh alitangazwa raja wa Parikshitgarh na Mawana. Dadri, Rao Umrao Singh na jamaa zake waliungana na Nawab Walidad Khan wa Malagarh. Waingereza walipoiteka tena Delhi Septemba, kisasi kilikuja. Umrao Singh alinyongwa, ardhi zikataifishwa na kugawiwa waliokuwa watiifu. Bulandshahr kuna njia panda iitwayo Kala Aam, mwembe mweusi, na watu wa huko watakuambia kwa nini.

Kijiji cha Gagol, nje ya Meerut, hakisherehekei Dussehra, sikukuu ya Kihindu ya ushindi wa mema dhidi ya maovu. Wakati India nzima inachoma sanamu za Ravana, mfalme wa mapepo katika utenzi wa Ramayana, Gagol hawapiki chakula cha sikukuu, kwa sababu wanasimulia kwamba siku hiyo mwaka 1857 watu tisa wa kijiji walinyongwa kwenye mti wa mpipali, na mti wenyewe wanauonyesha. Ukituuliza urithi wa Wagurjar uko wapi, tungekupeleka Gagol kabla ya Samthar.

Makabaila wote walikuwa Wahindu?

La. Wapo Wahindu, Waislamu na Masingasinga. Huko Kairana, mbari moja ya Kalsyan ina matawi ya Kihindu na ya Kiislamu, na kwa miongo kadhaa wapinzani wakuu wa kisiasa wa pale, Hukum Singh kwa upande mmoja na familia ya Munawwar Hasan kwa upande wa pili, walitoka humo humo. Iqra Hasan, binti wa Munawwar, alishinda ubunge mwaka 2024. Choudhry Rahmat Ali, aliyelitoa jina "Pakistan" mwaka 1933, alikuwa Mgurjar Mwislamu wa Punjab.

Wanawake wako wapi katika historia hii?

Anayejulikana zaidi ni Mrignayani, msichana Mgurjar wa kijijini aliyeolewa na Raja Man Singh Tomar wa Gwalior, aliyetawala tangu 1486 hadi 1516. Masimulizi yanasema alikubali kuolewa kwa sharti: maji ya mto Rai wa kijijini kwao yamfikie ndani. Man Singh alimjengea jumba lake chini ya ngome, Gujari Mahal, na mfereji wa maji. Siku hizi ni makumbusho ya mambo ya kale. Bi harusi aliyedai bomba kwanza, tunampenda.

Ardhi zilikwenda wapi baada ya uhuru?

Sheria ya kufuta zamindari, yaani haki ya kabaila kusimama kati ya mkulima na serikali, ilianza kutumika Uttar Pradesh tarehe 1 Julai 1952. Wakulima wakalipa kodi serikalini moja kwa moja, na kabaila akafidiwa kwa hati za malipo ya muda mrefu. Alibaki na shamba alilolima mwenyewe na nyumba. Mwaka 1971 badiliko la 26 la katiba likafuta pensheni na utambuzi wa vyeo vya kifalme. Familia nyingi ziligeukia siasa, ambako jina la babu bado linapiga kura.

Karibu na Delhi mambo yalikwenda njia nyingine. Ardhi za vijiji vya Wagurjar huko Noida, Greater Noida na Faridabad zilichukuliwa kwa viwanda na maghorofa, na baadhi ya wakulima wadogo wakapata fidia ambayo raja wa Landhaura asingeiota. Kesi za viwango vya fidia zimejaa mahakamani.

Kama walikuwa makabaila, kwa nini wanadai nafasi za upendeleo katika kazi na masomo ya serikali?

Kwa sababu walio wengi hawakuwa makabaila. Kwa kila raja kulikuwa na maelfu ya wafugaji, na Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1871, waliandikisha Wagurjar wa sehemu nyingi kuwa "kabila la wahalifu". Wafugaji wa Kiislamu wa milima ya Uttarakhand, Van Gujjar, bado huhama na nyati wao kila kiangazi na kugombana na idara ya misitu. Jammu na Kashmir waliingizwa kwenye orodha ya makabila yanayolindwa mwaka 1991. Rajasthan, chini ya Kirori Singh Bainsla, askari mstaafu, walifunga barabara na reli mwaka 2007 na 2008; makumi ya watu waliuawa. Mwaka 2019 wakapata asilimia 5 ya nafasi pamoja na jamii nyingine chache. Rajesh Pilot, aliyekuja kuwa waziri, aliuza maziwa Delhi alipokuwa kijana. Ukoo wake haukuwa na garhi yoyote.

Naweza kutembelea wapi?

Gwalior kwa Gujari Mahal, kisha Bateshwar kwa gari, siku hiyo hiyo. Samthar inahitaji usafiri wako. Delhi kwenyewe usikose Tughlaqabad, ngome aliyoijenga Ghiyasuddin Tughlaq kuanzia 1321. Inasimuliwa kwamba walii wa Kisufi Nizamuddin Auliya aliilaani: ama ibaki gofu, ama wakae Wagurjar. Yametimia yote mawili. Magofu yapo, na kijiji cha Wagurjar kipo ndani ya kuta.

Rajasthan, tafuta simulizi za Devnarayan, shujaa wa Kigurjar anayeabudiwa. Bhopa, yaani mwimbaji na kuhani wa simulizi hizo, hutandaza phad, kitambaa chenye picha mamia, kirefu kuliko chumba, na kuimba usiku kucha huku msaidizi akimulika taa kwenye sehemu inayoimbwa. Wachoraji wa jadi ni wa familia za Joshi, eneo la Bhilwara.

Ukoo wa mtu hufuatiliwa vipi?

Kwa madaftari ya Haridwar. Makuhani wa pale, waitwao panda, wamerithishana vitabu virefu vyembamba viitwavyo bahi, vilivyopangwa kwa vijiji na mbari. Kila aliyekuja kutupa majivu ya mzazi Ganga aliandikisha majina ya walio hai na waliofariki. Nenda ukijua mbari, jina la kijiji cha asili na la babu mmoja angalau. Bila kijiji panda hana pa kuanzia. Akiupata ukurasa atakusomea, kisha atakupa kalamu uongeze majina ya watoto wako, na kwa desturi utamwachia chochote.